Askari wa Sita

"Mtupu!"

Neno hilo ndilo tuliloachana nalo wiki jana, msomaji, na mtu aliyelitamka bado yuko pale pale tulipomwacha: juu ya mnazi, mita ishirini na mbili kutoka ardhini, mshipi mpana umemzunguka yeye na shina, panga mkononi, ameganda kama mjusi ukutani.

Mafundi wanamwita Mwewe. Kwa miaka thelathini na mitano hakuna mnazi wa bustani ile ya jiji ambao hakuupanda.

Chini yake alisimama binti yake wa pekee, faili limekumbatiwa kifuani. Yeye wanamwita Mtaalamu, kwa utani, kwa sababu ana cheti cha chuo cha miti na hawezi kusema mbele za watu bila kuangalia viatu vyake.

Leo hakuangalia viatu. Aliangalia juu. Sauti ya baba yake aliijua tangu utotoni, na haikuwahi kutetemeka. Leo ilikuwa imetetemeka.

"Mtupu wapi, mzee?" aliuliza Nanga, pande la mtu ambaye kazi yake ni kushika kamba chini.

"Chini ya miguu yangu." Mwewe hakupiga kelele tena. Alisema polepole, na kwa kuwa bustani nzima ilikuwa kimya, kila neno lilifika. "Kuna ufa. Nimeupita bila kuuona. Nimegonga kwa mpini wa panga, panaitika kama debe. Ukikatika, utakatika na mimi nikiwa upande wa juu."

"Basi shuka, bwana!"

"Nikishusha mshipi lazima niupitishe pale pale kwenye ufa. Nimejaribu mara moja. Kichwa chote cha mti kimecheza."

Kitu chepesi kilimwangukia binti usoni. Alijipangusa. Ulikuwa unga, wa rangi ya kahawia, wenye harufu ya chachu.

Harufu hiyo aliijua.

Wiki tatu nyuma alikuwa ameegemeza ngazi yake kwenye minazi ile, mmoja baada ya mwingine, akabandika sikio kwenye shina. Ni minazi ya mapambo, ile mirefu isiyozaa nazi, na wafanyakazi wanaiita Askari kwa sababu imesimama kumi kwa mstari kama gwaride. Kwa Askari wa Tano alisikia *kra, kra, kra*. Walikuwa funza wa fukusi, mamia kwa mamia, wanatafuna kutoka ndani, nje mti unapendeza. Kwa Askari wa Sita, jirani yake, ngazi ilipoishia hakusikia kitu.

Akaandika ripoti: wa Tano ni mgonjwa, aondolewe. Wa Sita ni mzima, kapi la kamba lifungwe kwake.

Maana kazi hii ina sheria yake. Mnazi mgonjwa haupandwi. Unapanda jirani yake mzima, unafunga kapi juu, kisha unamshusha mgonjwa vipande vipande kutoka pembeni, wewe ukiwa salama.

"Nanga," binti alisema, "kwa nini baba amepanda wa Tano?"

"Nani kapanda wa Tano?"

"Baba! Yule pale!"

"Yule yuko kwa wa Sita, Mtaalamu. Si ndivyo ulivyoandika mwenyewe? Karatasi ninayo mfukoni."

"Huo ndio wa Tano!"

Nanga alianza kuhesabu kwa kidole, akichezesha midomo kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipofika kwenye mnazi aliokuwapo Mwewe alisema, "Sita."

Ufagio ulianguka kwenye kokoto. Ulikuwa wa shangazi yake binti, dada mkubwa wa Mwewe, aliyefagia bustani ile tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Mama yule hana simile hata kwa wakubwa. Sasa alisema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia.

"Mwanangu. Wewe umehesabu kutoka wapi?"

"Kutoka getini, shangazi."

"Geti lipi?"

Ndipo binti alipoelewa.

Bustani ile ilikuwa na geti la zamani upande wa pili, pana, la kupitisha malori. Lilijengewa ukuta miaka ishirini iliyopita. Lakini stoo ya zana iko upande ule mpaka leo, na watu wa bustani wanahesabu kutoka stoo, kama walivyohesabu baba zao. Ramani ya ofisini inahesabu kutoka geti jipya. Minazi ni kumi. Wa tano wa huku ndiye wa sita wa kule.

Binti alikuwa amempeleka baba yake kwa mgonjwa kwa mwandiko wake mwenyewe.

"Mimi mwenyewe nilikuwa nahesabu kutoka kule," alinong'ona. "Nikiwa mdogo. Mabegani kwake."

"Ungemwambia kwa mdomo, angekuuliza geti lipi," shangazi alisema. Hakuwa anamlaumu, ndiyo maana iliuma zaidi. "Kwa nini hukumwambia kwa mdomo?"

Kwa nini? Kwa sababu baba na binti, wanaolala chini ya paa moja, walikuwa hawajasemezana siku kumi na tisa. Tangu siku alipomwambia kwamba mmoja wa Askari lazima aondoke.

"Baba yangu aliipanda kwa mikono yake," Mwewe alikuwa amesema. "Ina miaka sabini na miwili. Itatuzika sisi sote ikiachwa. Wewe umesoma miaka mitatu unataka kuniambia habari zake?"

Binti angeweza kujibu. Alikuwa na jibu zuri. Lakini aliangalia viatu. Na asubuhi ya leo, badala ya kumgongea mlango, aliweka karatasi juu ya chupa ya chai na kutoka kwa kunyata.

"Kuna nini hapa?"

Alikuwa Msimamizi wa bustani, anakuja mbio, tai imemrukia begani. Alipoelezwa, kwa mara ya kwanza hakuuliza nani wa kulaumiwa. Alitoa simu na kuita zimamoto.

Gari lilifika haraka, jekundu, ngazi ndefu mgongoni. Watu walianza kushangilia. Shangazi alikwisha kuinua mikono kushukuru.

Gari likasimama getini.

Dereva alishuka. Akatazama nguzo mbili za zege, zile za urembo, zilizowekwa ili malori yasiingie. Akanyoosha mikono kupima. Akatikisa kichwa.

"Halipiti," alisema. "Limezidi kwa dhiraa moja."

"Pita upande wa geti la zamani!" Nanga alipayuka.

"Lina ukuta," Msimamizi alisema.

"Tutauvunja," dereva alisema. "Tupeni saa moja."

Wote walikuwa wameangalia juu. Makuti ya ule mnazi yalikuwa yamegeuka kidogo, kama mtu anayegeuza kichwa kusikiliza. Na upepo ulikuwa bado haujaanza. Katika mji ule upepo wa alasiri huanza saa tisa. Saa ya Msimamizi ilisema saa nane na dakika ishirini na tano.

"Mzee!" Nanga aliita. "Rusha uzi wako wa kuvutia kamba juu ya makuti ya jirani, nikuvute kamba!"

"Makuti hayashiki mtu," Mwewe alijibu. "Yatang'oka kama nywele za mgonjwa. Kamba ifungwe kwenye shina, chini ya makuti. Kwa mkono." Aliwatazama waliokuwa chini. "Mkono wa nani, sijui."

Mpandaji mwingine alikuwa ameazimwa na bustani ya mto, upande wa pili wa mji. Nanga ana kilo mia na ishirini. Msimamizi akipanda kiti hubadilisha rangi.

Binti aliweka faili chini.

Alivua viatu, akavipanga vizuri ubavuni mwa faili, kama anaingia nyumbani kwa watu. Alichukua mshipi wa akiba na kitanzi cha miguu kutoka kwenye begi la baba yake. Akajifunga ncha ya kamba nene kiunoni.

"We mtoto!" shangazi alimshika mkono. "Unafanya nini?"

"Ninaenda kwa wa Sita, shangazi. Wa Sita wangu."

"Mara ya mwisho ulipanda lini?"

"Nikiwa na miaka kumi na mitano."

"Siku ile alikuchapa!"

"Alinichapa, akalia," binti alisema. "Uniachie mkono."

Shangazi aliuachia.

Mshipi ukazunguka shina. Kitanzi kikabana nyayo. Inua mshipi, vuta miguu. Inua mshipi, vuta miguu. Mwili una kumbukumbu ya ajabu. Alikuwa amefika mita sita juu ya ardhi alipokumbuka kuogopa.

Kutoka kule juu, baba yake alimwona.

Siku kumi na tisa alikuwa hajampa neno. Sasa alimpa moja.

"Shuka!"

Binti aliinua mshipi, akavuta miguu.

"Nimesema shuka! Nilikusomesha usipande! Kazi hii inaishia kwangu, nilikwambia! Shangazi yako shahidi!"

"Mimi usinitie!" shangazi alipiga kelele kutoka chini. "Umehesabu kutoka stoo, mwenzio kahesabu kutoka geti jipya, uko kwa mgonjwa, mjinga wewe! Mwache mtoto akutoe!"

Ungeweza kuona Mwewe akihesabu mwenyewe, kichwa kikigeuka kushoto, kisha kulia. Kisha alicheka pumzi moja tu, bila furaha, na unga ukamwagika kutoka chini ya miguu yake. Akaacha kucheka mara moja.

Mita kumi. Mita kumi na mbili. Mguu wa binti uliteleza. Kitanzi kilitoka. Watu chini walipiga ukelele.

Alining'inia kwa mshipi, vidole vya miguu vikitafuta. Vikapata tundu. Kisha tundu jingine. Yalikuwa makovu ya zamani ya njumu za chuma, viatu vya miiba ya kupandia, za mpandaji mzembe wa zamani ambaye baba yake alimfukuza bustanini siku hiyo hiyo, kabla binti hajazaliwa. Mnazi ukitobolewa haufungi kidonda. Tundu la ujana wake unazeeka nalo.

Mzembe yule, popote alipo, ajue kwamba siku ile alimwokoa mtu.

Binti alifika juu. Makuti yalimkuna usoni. Aliizungusha kamba nene kwenye shina mara mbili, akapitisha ncha chini, akairudisha, akakaza kwa meno. Fundo hilo alifundishwa na baba kwenye mguu wa meza, akiwa na miaka minane.

Sasa walikuwa wanatazamana, baba na binti, mita tano za hewa kati yao. Kwa karibu aliona kwamba baba yake amezeeka. Aliona jasho linachuruzika mpaka kwenye kidevu. Aliona pia ufa, chini kidogo ya nyayo zake. Ulikuwa umefunguka kiasi cha kuingiza vidole, na ndani yake vitu vyeupe vilikuwa vinatambaa.

"Usiutazame," baba alisema. "Nitazame mimi. Nakurushia uzi."

Mwewe alichukua kifuko cha mchanga chenye uzi mwembamba. Akakipembeza mara moja. Mnazi ulilia, mlio mrefu kama wa mlango usiopakwa mafuta. Akasita. Akarusha.

Kifuko kikampiga binti begani, kikaanguka; Mwewe akakirudisha kwa uzi wake.

"Tena," binti alisema.

"Mrusho mmoja zaidi na huu mti unaondoka, mama."

Mama. Hivyo ndivyo alivyomwita alipokuwa mdogo na homa inampanda.

"Tena, baba. Safari hii nitadaka."

Majani ya mnazi wa mwisho wa mstari yalianza kutikisika. Kisha ya unaofuata. Upepo ulikuwa umekuja mapema, unapita mstari mzima, Askari mmoja baada ya mwingine, unawaelekea.

Kifuko kiliruka. Binti alijirusha nyuma kwenye mshipi, mikono yote miwili ikaacha shina. Akadaka.

Akafunga uzi kwenye ncha iliyobaki ya kamba nene. Mwewe akauvuta. Kamba ikavuka hewani, polepole, polepole, ikamfikia. Akaifunga kwenye mkanda wake wa kifuani. Chini, Nanga alikuwa amepiga magoti. Hakuna aliyewahi kumwona akiomba.

"Sasa sikiliza," Mwewe alisema. "Nafungua mshipi wangu. Nikihesabu tatu naachia. Nitakuja kama jiwe, chini yako. Jishike, mti wako utapata mshtuko."

"Baba."

"Nini?"

"Tatu ya kutoka wapi?"

Mwewe alimtazama. Na katika saa ile, na ufa chini ya miguu, kona ya mdomo wake ilipanda.

"Moja," alisema.

Upepo uliingia kwenye makuti yake.

"Mbili..."

Hakufika tatu. Shina lilikatika kwa mlio kama wa bunduki. Kichwa kizima cha Askari wa Tano, makuti na funza na uzito wa ng'ombe wawili, kiliinama mbele. Mshipi wa Mwewe ulikuwa umefunguka nusu. Kilimvuta. Kwa muda wa kufumba na kufumbua walikuwa kitu kimoja, mtu na mti, wanaondoka pamoja.

Kisha mshipi ulichomoka.

Mti ukaenda zake, yeye akaja kwa binti.

Alikatiza hewani kama kengele, akajipigiza kwenye shina la Askari wa Sita mita tatu chini ya nyayo za binti yake, na akalikumbatia kwa mikono na miguu. Mnazi wote ulitikisika. Fundo lilikaza. Fundo lilishika.

Chini, kichwa cha mnazi kilianguka juu ya benchi la wageni na kulifanya kuni. Vumbi la kahawia likapanda. Lilipotulia, watu waliona miguu ya Mwewe imelibana shina la Askari wa Sita, na kelele ya furaha ikalipuka mpaka barabarani. Shangazi alipiga vigelegele. Nanga alimbeba Msimamizi, akamzungusha, akamweka chini na kumwomba radhi.

"Umeumia, baba?"

"Mbavu. Mbavu tu. Ninazo nyingi." Alikuwa anahema. Alitazama juu, akaliona fundo. "Nani alikufundisha kufunga namna ile?"

"Mzee mmoja mkaidi."

"Fundo zuri."

"Mguu wa meza ulikuwa mwepesi zaidi."

Hapo Mwewe alianza kucheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyetoka kaburini na kukuta watu wa nyumbani wamemwekea chakula. Kilianzia tumboni. Siku kumi na tisa za ukimya zilikuwa zinamtoka zote kwa pamoja.

Binti naye alitabasamu. Nguvu zilimwishia ghafla, kama maji ya beseni lililotoboka. Aliegemeza shavu kwenye shina, sikio likabana ule ubaridi wake, akafumba macho. Mti mzima. Mti wake mzima.

*Kra.*

Alifikiri ni moyo wake.

*Kra, kra.*

Alizuia pumzi. Moyo wake aliusikia upande mmoja, unadunda. Huku kwingine, kwenye sikio lililobana shina, kitu kingine kilikuwa kinaendelea na kazi yake bila haraka.

*Kra, kra, kra.*

Ngazi yake ya ofisini ina mita nne. Alipima mita nne. Aliandika "mzima".

Alifumbua macho. Mgongo wa mkono wake ulikuwa umepata rangi ya kahawia. Aliufuata unga kwa macho, kutoka mkononi hadi kwenye shina. Kati ya fundo lake na kichwa cha baba yake, pale ambapo dakika mbili zilizopita palikuwa laini kama kioo, palikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Ulizunguka nusu ya mti.

Chini, watu walikuwa bado wanashangilia. Upepo ulikuwa unajipanga upya mwisho wa mstari.

Na Mwewe, ameufumbata mnazi kwa mikono na miguu, machozi yanamtoka, alikuwa anacheka mpaka mabega yanatikisika. Kila alipocheka, ule unywele ulifunguka na kujifunga, ulifunguka na kujifunga, kama mdomo unaojaribu kusema.

"Baba," binti alisema kwa upole, kwa sauti ile ile ya kutopenda kusumbua watu. "Baba, usicheke."